Tableti Kubwa Kuliko ya Rumen

Jumatatu, 8 Septemba

Jumba la utamaduni limetangaza shindano la bango la Siku ya Pilipili Hoho. Bango la mshindi litabandikwa uwanjani, mji mzima ulione. Mshindi ni mimi. Kilichobaki ni tableti ya kuchorea, ule ubao wa kuunganisha na kompyuta, maana ya zamani imekufa. Rumen kinyozi, hasimu wangu tangu shule, naye anashindana, na tableti yake ni ya ukubwa wa postikadi. Maskini!

Galya wa dukani aliniuliza meza yangu ina upana gani, skrini je, na kama nachora kwa kifundo cha mkono au kwa bega. Nikamwambia nachora kwa kipaji. Akasema ya wastani itanitosha kabisa. Ya wastani, mimi Zdravko! Nikachukua kubwa kuliko zote. Nikapita nayo mbele ya kinyozi, kisha nikarudi nikapita tena. Rumen akatoka na mkasi mkononi, akauliza kama nimenunua mlango. Wivu mtupu.

Jumatano, 10 Septemba

Haienei mezani. Mke wangu Stanka anasema alijua. Meza ya kulia imetekwa na mama yake, Vena, ambaye kila Septemba hutuhamia na magunia ya pilipili hoho ili apike lyutenitsa, rojo la pilipili hoho na nyanya, ya kutufikisha mwisho wa baridi. Nikamwomba nusu ya meza. Akasema, wee mkwe, picha hailiwi. Basi nimeiweka roshani, juu ya meza ya kupigia pasi, kompyuta kando.

Nachora nimesimama, kama magwiji. Kutoka pembe hadi pembe lazima nitembee. Bega linawaka moto! Stanka ananichua kwa rakia, pombe kali ya matunda, huku akicheka. Rumen alipita chini akauliza, kwa sauti, nikimaliza kufuta madirisha yangu kama nitakwenda kufuta yake. Mtaa mzima ukacheka. Nikaendelea kuchora. Nina hadhi yangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nachora nyanya, linatoka yai! Nikampigia Galya. Akasema tableti yangu ni pana na skrini yangu ya zamani ya kompyuta ni karibu mraba, kwa hiyo nipunguze eneo la kuchorea vilingane. Yaani ninunue shamba nilime kona? Nimekataa katakata. Sasa nachora nyanya zilizobondeka, zinatoka mviringo safi. Akili hii haifundishwi shuleni.

Jumapili, 14 Septemba

Bango limekwisha. Nimelitazama machozi yakanitoka. Nyanya nimezifuta zote, imebaki pilipili hoho moja, nyekundu, nene, na juu yake anga tupu la njano. Nikaenda kulaza bega.

Kuamka, namkuta mama mkwe roshani, katandaza vibandiko vya chupa za lyutenitsa juu ya tableti yangu, kalamu yangu mkononi! Analalamika haina wino, hata aikandamize vipi. Nikamnyang'anya kwa heshima zote. Jua lilikuwa linapiga skrini, sikuona kitu, nikalituma bango vivyo hivyo. Kazi kubwa haina haja ya kukaguliwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeitwa jumba la utamaduni. Mwenyekiti wa shindano, Bi Todorova, akasema picha ya Rumen imeshinda. Nililitaka bango hili kuliko kitu chochote, na nilishamtangazia kila mtu.

Kisha akasema maandishi yangu yamewavunja mbavu, na yatawekwa juu ya picha ya Rumen. Maandishi gani tena? Akanionyesha. Kwenye anga langu, herufi za kutetemeka: KALI. YA VENA. USIGUSE! Akauliza nani kaandika. Nikasema mimi, na kwamba herufi kama hizo huwezi kuzipata kwenye postikadi.

Jumamosi, 20 Septemba

Bango liko uwanjani. Umati! Nikasimama kando yake, kifua mbele. Mama mkwe akafika na kikapu, akasoma, akapiga ukelele kwamba huo ni mwandiko wake wa chupa na mkwe wake ni mwizi. Watu hoi kwa kicheko. Rumen akambusu mkono, akamwita msanii mwenzake. Wakapigwa picha pamoja. Mimi niliombwa nisogee, nawaziba.

Nimeaibika? Kidogo tu. Lakini nimewaza njia nzima na sababu iko wazi: tableti ilikuwa ndogo. Ingekuwa kubwa, tungeenea wote, mimi upande huu na mama mkwe upande ule. Galya ameniagizia nyingine kutoka mji mkuu, Sofia. Stanka anauliza itapita wapi. Nimemwambia ukuta wa roshani si wa lazima.