Kasoro Mia Nne na Kumi na Mbili

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mkoa. Waheshimiwa mashefu wa mitaa mliofika, nanyi mliotuma madereva wenu. Wazee wa msikiti na wachungaji wa makanisa. Akina mama wa Naviundu, wafanyabiashara wa Makomeno, na ninyi wengine wote ambao itifaki haikupata nafasi ya kuwataja:

Naanza kwa kuomba radhi. Kwa miezi kumi na minne Ofisi ya Vyeti vya Kisasa, ninayoiongoza mimi, Mratibu Mkuu Katongo Paulin, haikuwaandikia hata mstari mmoja. Ukimya huo haukuwa uzembe. Ulikuwa awamu ya pili ya mpango. (Mtu amekohoa.)

Mnakumbuka kwamba zamani cheti cha kuzaliwa kilikuwa kikiandikwa kwa mkono na karani wetu, Bwana Floribert, yule aliyeketi nyuma mezani, katika daftari la jalada jeusi, kwa muda wa robo saa. Robo saa, ndugu wananchi, katika karne hii. Nikalisimamisha daftari. Nikaamuru kwamba vyeti vyote vitoke katika programu huria, yaani ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Wataalamu wakanieleza kuwa programu hiyo ina matoleo mawili: moja limekwisha kujaribiwa na limetulia; la pili bado linajengwa, hubadilika kila siku, na huweza kuanguka bila taarifa. Nikawajibu kwamba ofisi yenye hadhi yangu haiwezi kutumia kitu ambacho wengine wamekwisha kukitumia. Tukachagua la pili kwa kauli moja, yangu. (Makofi kutoka safu ya kwanza, ambayo ni ya wafanyakazi wa ofisi.)

Tena hatukutaka kutumia tu, tulitaka kuchangia. Anayetumia toleo ambalo halijakomaa huwaeleza watengenezaji kila kasoro anayokutana nayo, nao huirekebisha kwa faida ya wote. Kwingineko kazi hiyo hufanywa kihuni: mtu huona kasoro, huandika, hutuma, dakika tano. Sisi tumeipa heshima. Kila mfanyakazi alitakiwa kuleta kasoro moja kwa juma, kwa nakala nne, zenye muhuri na saini tatu, pamoja na idhini yangu ya mwisho. Hadi leo tumetuma taarifa za kasoro mia nne na kumi na mbili, sawa na asilimia mia moja ya zile tulizotuma.

(Mama Kulthumu, muuza vitenge wa Makomeno, amesimama. “Papa Shefu, mi naomba kuuliza. Mutoto wangu Yasmine anapashwa kujiandikisha kwa mutihani ya Serikali. Banafunga Ijumaa. Bila karatasi ya kuzaliwa, batamukatala. Ile karatasi iko wapi?”)

Nakushukuru, mama, kwa swali ambalo halikuwamo katika ratiba. Binti yako ni taarifa namba mia tatu na tisa. Ameshatumwa kwa watengenezaji.

(“Bale bantu banamujua Yasmine?” Kicheko.)

Wanamjua, mama, na wametujibu. Watu hao wako katika nchi nyingi na hufanya kazi bila mshahara, jambo ambalo naiomba safu ya kwanza ilitafakari. Kuhusu taarifa ya kwanza, iliyosema kwamba wino umekauka, wameandika kwa adabu kuwa wamejaribu na hawakuiona kasoro hiyo kwao. Kuhusu ile ya kumi, kwamba paa linavuja juu ya kabati la maombi ya vyeti, wameshauri tumwite fundi. Kisha wakatuuliza swali la mstari mmoja: mnatumia toleo la siku gani?

Swali zito. Nikaunda tume ya watu kumi na mmoja. Tume ikaenda Kinsevere kutafuta utulivu, ikatafakari siku sita, ikarudi na jibu.

Namalizia basi kwa shukrani. Nawashukuru watengenezaji kwa udadisi wao. Naishukuru tume, ambayo imethibitisha kwa kauli moja kwamba programu hiyo haijawahi kuwekwa katika mashine yoyote, kwa kuwa mashine hazijaagizwa. (Safu ya kwanza imepiga makofi, kisha imeacha.) Asiwepo wa kusema tumeshindwa. Wengine wana programu ndipo wanapata kasoro. Sisi tumepata kasoro mia nne na kumi na mbili bila programu.

(“Papa Floribert,” amesema Mama Kulthumu, akiligeuzia jukwaa mgongo, “ile daftari iko?”

“Iko, mama.”

“Na muhuri?”

“Iko hapa. Njo ileile nilipiga nayo ku hotuba yake, kila ukurasa.”

“Basi andika.”)

Daftari limesimamishwa, mama, na halitafunguliwa mpaka tume iamue kama tuagize mashine kwanza au tuendelee kuripoti. Uamuzi ukipatikana, nitamwandikia kila mmoja wenu barua. Na kwa kuwa mashine hazipo, barua hizo ataziandika Bwana Floribert, kwa mkono.

(“Jina ya baba?” “Asumani.” “Alizaliwa wapi, mutoto?” “Hapa hapa, Lubumbashi.”)

Sasa semeni pamoja nami: kuripoti ni kujenga. Kuanguka ni kusonga mbele. (Watu wanasimama, mmoja mmoja, kisha safu nzima nzima. Wanapanga foleni mbele ya meza ya nyuma. Wafanyakazi wawili wa safu ya kwanza wamejiunga nayo; nao wana watoto.)

Naona mmesimama, na nimeguswa.

(Kishindo kimoja mezani kwa Bwana Floribert: muhuri. Mama Kulthumu anapuliza wino ukauke, anaikunja karatasi iliyotoka daftarini, anatoka.)

Na hayo makofi ya huko nyuma nayapokea kwa niaba ya tume.