Ruzuku ya Choo kwa Jina la Mabukwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Barua imefika! Nyumba kumi na mbili za mtaa wetu hapa Nyakabanda zitapewa ruzuku ya serikali ya kubadilisha mashimo ya choo. Shimo la zamani linafukiwa, linawekwa tangi jipya la maji taka lenye vyumba viwili. Fosi septiki, kama tulivyoita Bujumbura nilikokulia. Jina langu ni la nane kwenye orodha. La jirani yangu Benon ni la tatu. Sijui walitumia kipimo gani. Shimo langu linanuka kuliko lake, kila mtu anajua.

Mke wangu Claudette alimshukuru Bikira Maria kwa sauti. Tangu mvua zianze shimo letu linatoa povu, na wiki iliyopita hata mbuzi wa jirani alianza kuzunguka mbali. Akaniambia kesho asubuhi niende nikaweke sahihi.

Nilikuwa tayari kabisa. Ila nikiwa dukani kwangu (nauza kufuli, bawaba na vitasa), Jean-Luc mshona viatu wa mlango wa pili akanifungua macho. Jean-Luc anajua kila kitu isipokuwa viatu. Aliniuliza kama nina namba ya mlipakodi. Ninayo, mimi ni mfanyabiashara. Akatikisa kichwa kama daktari aliyesoma majibu mabaya. Akasema chochote kinachoingia mkononi mwa mwenye namba ni mapato. Hata tangi la choo. Na mapato hukatwa kodi.

Kumbe! Na Benon anakwenda kesho kujaza fomu kwa jina lake mwenyewe, mchana kweupe. Maskini Benon. Sikumwambia.

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri tangu chai ya asubuhi. Saa nne jibu likaja.

Fomu inasema mnufaika ni mtu mzima yeyote anayeishi katika nyumba hiyo. Anatakiwa basi mtu mzima asiye na duka, asiye na namba, asiyejulikana na ofisi yoyote. Nani? Claudette jina lake liko kwenye karatasi za duka, hafai. Mama mkwe! Gahongayire, mama yake Claudette, miaka sabini na moja, analima maharage kule Gahanga. Kodi itamtafuta wapi? Kwenye maharage?

Nilimpigia simu. Hapa mama mkwe tunamwita Mabukwe, na tunazungumza naye tukiangalia chini, hata kwenye simu. Nikamwambia, Mabukwe, ni jina lako tu nahitaji, usisumbuke na chochote. Akaniuliza tangi ni la lita ngapi. Swali la ajabu kwa mtu anayetoa jina tu.

Claudette aliuliza kama nimepita kwanza ofisi ya kodi kuuliza. Nikamwambia kuuliza habari za kodi kwenye ofisi ya kodi ni sawa na kumuuliza paka habari za maziwa. Akachukua ndoo, akaenda kufua. Nadhani alishindwa hoja.

Nimejaza fomu. Penye "Je, anaishi hapo?" nimeandika ndiyo. Uongo mdogo, wa kifamilia.

Alhamisi, 6 Machi

Wamepiga simu. Afisa atakuja Jumatatu kumwona mnufaika nyumbani kwake. Nyumbani kwake! Yaani kwangu.

Si kitu. Nimemwomba Mabukwe aje Jumapili, alale siku moja, aonekane, aende zake. Kikapu kidogo kitatosha, nilisema.

Jumapili, 9 Machi

Amefika. Kwa pikapu. Ameshuka na kitanda chake, magunia mawili ya maharage, jembe, kuku watatu na picha ya marehemu mumewe kwenye fremu ya kioo. Nikauliza kwa upole sana kama yote haya ni ya siku moja.

"Mkwe wangu Viateur," akasema, "mtu haendi kuona choo chake mikono mitupu."

Choo chake!

Claudette amemwekea kitanda katika chumba cha stoo, ninamohifadhi bidhaa za duka. Kufuli zangu zote za dukani ziko sasa chini ya kitanda cha mama mkwe. Mwanamume mwenye adabu haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Kesho nitauza bawaba tu.

Jumatatu, 10 Machi

Afisa wa ukaguzi alikuja saa tatu, msichana mpole mwenye buti. Mabukwe alimpa maziwa ya mgando, akamwonyesha maji ya mvua yanakoelekea, akamwambia tangi lisikae karibu na mparachichi kwa sababu mizizi haina huruma. Afisa aliandika kila neno. Mimi nilipotaka kuchangia, aliniuliza mimi ni nani katika nyumba hii.

Nikasaini mkataba kama shahidi. Shahidi! Kwenye ua wangu!

Benon akaja na nakala yake. Huyu alikulia Uganda na husoma kila kitu, hata maandishi ya kiberiti. Akaniuliza kama nimeona ukurasa wa nne. Nani husoma ukurasa wa nne? Akanisomea. Mnufaika ndiye mwangalizi wa tangi, na lazima aishi katika nyumba hiyo miaka miwili tangu tangi likamilike. Akihama kabla, kaya inarudisha ruzuku yote.

Miaka miwili.

Nilimtazama Mabukwe. Alikuwa anapima ua kwa hatua, anatafuta mahali pa kupanda maharage.

Benon hakuishia hapo. Akasema alipita pia ofisi ya kodi, dakika tano tu, wakamwambia ruzuku ya choo cha nyumba ya kuishi si mapato. Haikatwi hata franga moja. Nilicheka sana. Nikamwambia nilikuwa najua.

Jumamosi, 22 Machi

Tangi limekamilika. Lazima niseme ukweli, mafundi hawakuiba hata ndoo moja ya saruji. Mabukwe aliwasimamia tangu wa kwanza anafika hadi wa mwisho anaondoka, ameegemea jembe. Shimo la zamani limefukiwa. Hakuna harufu. Bomba la hewa limesimama wima kuliko la Benon.

Lakini choo kina kufuli! Ameitoa chini ya kitanda chake, kutoka kwenye bidhaa zangu, tena ile bora, ambayo mimi huwaambia wateja kwamba hata mwizi akiiona hugeuka. Ufunguo ameufunga kwenye rozari yake shingoni. Anasema mkataba umemfanya mwangalizi, na mwangalizi lazima ajue nani ameingia. Mwenye haja amwambie.

Claudette anamwambia. Nizeyimana, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, anamwambia, tena anacheka naye. Mimi nimwambie vipi? Mbele ya mama mkwe hata kula nakula nimegeuka upande. Niende nisimame mbele ya mama aliyenizalia mke, nimwambie kwamba mimi, Viateur, nina...

Siwezi kuliandika, sembuse kulisema. Nitavumilia.

Jumanne, 25 Machi

Siku tatu nimekuwa nikitumia choo cha kulipia sokoni. Dakika ishirini kwa miguu, na njia yote ni mlima.

Leo mchana tulikula maharage ya Mabukwe. Sahani mbili, kwa heshima. Saa nane nikaanza safari. Sikufika nusu ya mlima. Nikasimama. Nikaelewa kwamba kuendelea ni hatari na kurudi nyumbani ni aibu. Kati ya mlima na nyumbani pana mlango mmoja tu.

Benon hakuuliza chochote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliniona uso, akafungua mlango wa choo chake, akanipa taulo safi na sabuni mpya.

"Karibu ssebo," akasema, yaani bwana, kama wanavyosema Uganda. "Usiharakishe."

Nilipotoka alikuwa ameniwekea chai. Mke wake Connie akanisalimia kama mgeni wa harusi. Sijawahi kumchukia mtu kiasi hiki. Choo chake ni kizuri mno.

Lakini nikiwa mle chooni nilipata wazo. Kodi! Mali ni ya nani? Ya anayeilipia kodi. Nikilipa kodi ya ruzuku, ofisi itanipa risiti yenye jina langu. Nikiwa na risiti, mwenye tangi ni mimi, na ufunguo ni wangu. Nilimweleza Jean-Luc. Akasema hajawahi kusikia hoja iliyonyooka hivi.

Alhamisi, 27 Machi

Ofisi ya kodi. Nilivaa koti. Afisa anaitwa Akimana, mama wa makamo, miwani, sauti ya chini. Nikamwambia nimekuja kulipa kodi ya ruzuku ya tangi la choo.

Akasema ruzuku hiyo haina kodi.

Nikasema najua, lakini nataka kulipa.

Alivua miwani. "Baba, nina miaka tisa kwenye kiti hiki. Watu hulia hapa ili wasilipe. Wewe ni wa kwanza kulia ili ulipe."

Akanieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Serikali ikikusaidia kuboresha nyumba unayoishi, hujachuma kitu, kwa hiyo si mapato. Ingekuwa ruzuku ya biashara, hapo ndipo tungezungumza. Zaidi ya hayo, akasema, kwenye karatasi hii uliyoleta mnufaika ni Bibi Gahongayire. Wewe umeandikwa shahidi.

Lile neno shahidi likanichoma. Nikapandisha sauti. Nikamwambia hajaijua nyumba yangu. Ile si nyumba ya kuishi tu, ni biashara! Akashika kalamu. Akauliza ni biashara gani. Nikamwambia habari zote. Chumba cha nyuma. Nizeyimana, mpangaji, mtu mwaminifu, hulipa kila mwezi bila kukosa, mwaka wa nne huu. Na choo kilekile anakitumia! Akamwulize mwenyewe!

Akimana aliandika. Aliandika ukurasa, akageuza, akaandika mwingine. Nikafarijika. Hatimaye mtu ananisikiliza.

Kisha akaniuliza kwa nini katika miaka hiyo minne sikutangaza mapato ya kile chumba hata mara moja.

Matokeo ya siku. Kodi ya ruzuku: hakuna. Kodi ya chumba cha kupangisha: miaka minne, pamoja na faini ya kuchelewa. Risiti itakuwa na jina langu, hilo nimehakikishiwa. Tangi bado ni la Mabukwe.

Claudette hakunigombeza. Alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kwa nini nilikubali kupanda mlima siku tatu badala ya kumwambia mama neno moja. Nikamwambia hajui mambo ya wanaume.

Ijumaa, 28 Machi

Jambo la ajabu. Asubuhi nimekuta ufunguo kwenye msumari ninapotundika kofia. Ufunguo mpya, umechongwa jana. Mabukwe alikuwa uani na jembe lake, amenipa mgongo, anaangalia miche ya maharage kana kwamba imempa habari muhimu.

Nilisimama mlangoni. Nikatafuta neno. Nikasema, "Mabukwe, maharage yanaota vizuri."

Hakugeuka. "Yanaota, mkwe wangu," akasema. "Udongo ni mzuri. Na mimi nilikuwa sijui nikuambieje."

Claudette ananieleza kwamba mama yake alikuwa anaona aibu kuliko mimi. Kila siku alikuwa ananiona napita na koti kuelekea sokoni, moyo unamuuma, lakini mama mkwe hawezi kumwita mkwe wake akamwambia njoo uende chooni. Kufuli aliiweka kwa ajili ya watoto wa mtaa waliokuwa wanatupa mawe ndani. Alingoja niombe mara moja tu.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikiugeuzageuza ufunguo mkononi. 

Halafu nikaelewa. Nimeshinda! Amesalimu amri. Siku sita za uvumilivu wangu zimemvunja.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya misa kiongozi wa mtaa ametangaza ruzuku nyingine: matangi ya kuvuna maji ya mvua, ya kuwekwa kando ya paa. Benon ameshauliza kila mahali. Anasema haina kodi, haina ugumu, mtu ajaze jina lake tu. Benon huamini kila anachoambiwa. Uganda walimlea hivyo.

Mimi nimekomaa. Nimekaa, nimepima, nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilichagua mtu mwenye nguvu. Mtu anayeweza kupanda pikapu. Safari hii nimemchagua Mzee Ntare, baba mkubwa wa Claudette, wa kule Rwamagana. Ana miaka themanini na minne, anatembea kwa fimbo, hapendi kutoka nje ya ua wake. Hana duka, hana namba, hana jembe.

Nimempigia saa kumi. Amekubali palepale, hakuuliza hata lita. Ameuliza jambo moja tu, kama nyumba yetu ina ngazi.

Nimemwambia haina hata moja. Amefurahi mno. Mzee mwema, anajali hali zetu.