Jina la Puakahola Lisipotee kwa Ajili ya Miwani

Kwa Dada Kalolaine, mkubwa wangu kwa kuzaliwa na kwa heshima,
Nyumba ya bati jekundu, ng'ambo ya barabara.

Dada mpendwa,

Salamu zangu zivuke barabara zikukute umekaa vizuri kwenye mkeka wako. Nakuandikia kwa sababu, kama tulivyolelewa, mimi ndugu yako wa kiume siingii nyumba uliyomo, wala siwezi kukupandishia sauti hata kama nimekanyaga mawe ya tanuri. Lakini sijasikia mzee yeyote wa hapa visiwani Ha'apai akisema karatasi nayo isiingie. Shule niliishia darasa la pili, mwalimu aliona yaliyobaki nitayajua mwenyewe, kwa hiyo usishangae kuona hati nzuri namna hii.

Jambo lenyewe ni hili. Lesieli, mke wa mwanangu Vakatomui, tumbo limeshashuka, na wiki hii haiishi kabla hajajifungua. Jina la mtoto hutolewa na shangazi, hilo silipingi, sijawa mwendawazimu. Binti yangu Nifo, aliyekuwa na zamu hiyo, amekataa katakata. Amesema, "Mimi nimpite Shangazi Kalolaine? Nani, mimi?" Basi kazi imebaki mikononi mwako. Ninaomba, kwa unyenyekevu mwingi kuliko unaomfaa mtu kama mimi, mjukuu wangu apewe jina langu, Puakahola. Sababu zangu nimezipa namba usije ukaruka hata moja.

1. Watoto wangu wamegeuka kuwa habari zako. Najua mtoto anapewa jina la jambo lililotokea siku yake. Lakini dada, lililotokea kwa nani? Nifo alizaliwa siku kimbunga kilipong'oa paa la kanisa na kulipeleka juu ya minazi. Kijiji kizima kinaangalia juu. Wewe siku hiyo jino lilikuuma, likang'olewa, ukasema, "Aitwe Nifo, Jino." Akaja Vakatomui. Yeye ni Meli-imechelewa, kwa sababu meli iliyokuletea cherehani ilichelewa. Mwanangu hajachelewa popote maishani, lakini akifika mapema watu humwambia, "Ah, Meli-imechelewa, umekuja na ya jana?" Na mdogo wao Tuifufula je? Goti-limevimba. Goti lako, dada, siyo lake! Leo yeye ndiye kiongozi wa kwaya, sauti yake inatikisa madirisha, na kila Jumapili kasisi anatangaza, "Tusimame, Goti-limevimba atuongoze." Wageni hawasikilizi wimbo, wanamwangalia miguu.

2. Jina langu lina historia, tena kubwa. Wewe ulikuwa mdogo siku ile, umelishwa viazi vikuu ukalala, kwa hiyo nakukumbusha. Mtukufu wa visiwa hivi alikuwa anakuja kijijini. Baba alikuwa amefuga dume la nguruwe kwa ajili ya karamu, nguruwe mwenye meno yaliyojikunja kama masharubu. Mawe ya tanuri yalikuwa yameshawaka mekundu. Wanaume sita walimshika. Mama akapiga kelele ya uchungu ndani ya nyumba, kelele ya kunizaa mimi, wanaume wakashtuka, nguruwe akapenya. Alipita shamba la magimbi, alipita kanisani kati ya sala na "amina", alipita juu ya nguo ya gome la mti aliyotandikiwa mtukufu, rangi yake ikiwa bado haijakauka, akaingia baharini. Akaogelea mpaka mwamba wa matumbawe. Wanaomjua nguruwe wanasema alifika Fiji. Mimi nasema alipita.

Mtukufu alicheka mpaka mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni ukamlegea. Shangazi yetu akatoka nje, akanyoosha mkono kuelekea baharini, akasema, "Mtoto ni Puakahola, Nguruwe-amekimbia." Unaona tofauti? Shangazi yetu naye huenda alikuwa na jino linauma siku hiyo. Alinyamaza nalo.

Kuna watu kwenye duara la wanywa kava wanaosema ni jina la kuchekesha. Wanacheka kwa wivu. Nguruwe wote wa nchi hii mwisho wao unajulikana. Mmoja alikataa, na mimi ndiye ukumbusho wake, ninayetembea kwa miguu miwili.

3. Jina hili halina mwingine. Hapa kijijini ukiita "Sione!" nusu ya wanaume wanageuka, na mbwa wa mwalimu. Ukiita "Puakahola!" anageuka mmoja tu, tena polepole, kwa kuwa hana haja ya kuhakikisha. Miaka ya nyuma walinidanganya kwamba kule Vava'u yupo mwenzangu. Nikapanda meli, nikatapika njia nzima, nikamkuta mzee kalala chini ya mshelisheli. Namuuliza, "Wewe ni Puakahola?" Ananijibu bila kufumbua macho, "Puakamohe." Nguruwe-amelala! Nilikataa hata kava yake. Kwa hiyo ni mimi peke yangu, dada, na mimi goti langu nalo limeanza, ingawa sijampa mtoto wa mtu jina lake.

4. Sasa nakuja kwenye miwani. Nina habari, na usiniulize nani kaniambia, maana Lesieli ameniomba nisimtaje, kwamba tangu Jumapili umepoteza miwani yako ya kusomea. Na kwamba ulisema mbele ya akina mama wanaosuka mikeka, "Nisipoiona kabla mtoto hajatoka, nimeshapata jina." Dada! Matasio'atamole! Miwani-imepotea! Hebu liite kwa sauti mwenyewe. Tuseme ni mtoto wa kiume, wa ukoo wetu, anacheza raga, amechukua mpira, anakimbia, watu wote wanasimama kumshangilia, na kabla hawajamaliza kulitamka jina lake ameshaangushwa.

Kwa sababu hiyo familia yangu nzima imeacha shughuli inatafuta miwani yako. Tuifufula ametafuta ndani ya kinanda cha kanisa. Vakatomui amechuja pipa la maji. Mimi mwenyewe, mtu wa heshima zangu, nimelala kifudifudi kuchungulia chini ya jukwaa la kanisa, mke wa kasisi akaniuliza, "Babu, unatubu?" Nikamwambia, "Natafuta miwani." Akasema, "Basi tubu ukiwa huko huko."

5. Hili ni la mwisho nalo ni zito, litakukasirisha, nisamehe tangu sasa. Jina haliwezi kuachwa bila mtu. Ukimpa mtoto jina lingine, mimi sitakufa. Sisemi kwa hasira, ni wajibu tu. Nitaendelea kuishi. Nitaishi hapa hapa ng'ambo ya barabara yako, na redio yangu, na jogoo wangu, na wimbo ninaoimba ninapokata kuni, ambao najua huupendi kwa sababu unafunga dirisha. Na fikiria mazishi yangu, ambayo hayatakuwepo. Ile mikeka laini ya zamani, ile iliyosukwa na bibi, ambayo kwa heshima yenu upande wa dada ingegawiwa kwanza kwako na kwa wanao, itabaki imekunjwa chini ya godoro langu, nami juu yake, nikipumua. Sitaki tufike huko. Uamuzi uko kwako.

Nimalizie kwa kuwasalimu shemeji na wanao wote, akina mama wa mikeka, jirani yako yule asiyerudisha sufuria, na wote wanaoitwa Sione popote waliposimama. Ninapiga goti mbele ya mlango wako, kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, wa pekee nchini,

PUAKAHOLA

Nimesahau: Nilikuwa nalamba bahasha Vakatomui akaingia anahema. "Baba, mvulana! Na Shangazi ameshampa jina!" Nikamwambia, "Nyamaza. Ni miwani." Akasema, "Siyo, baba. Ni Puakahola." Dada, nilikaa, tena pasipokuwa na kiti. Nililia, lakini kidogo na kwa sauti nzito. Nikasema moyoni, kumbe dada yangu ameisikia roho yangu hata kabla ya karatasi. Ndipo huyu mwanangu, asiyejua kunyamaza mahali panapofaa, akaendelea: "Nguruwe wake aliyemweka kwa karamu ya mtoto amekata kamba alfajiri, hajulikani alipo. Shangazi amefoka wee, halafu akasema, basi, aitwe hivyo hivyo."

Kwa hiyo futa namba 1 yote. Utaratibu wako wa kuwapa watoto majina ya mambo yanayokupata wewe ni mzuri sana, wa hekima, na usikubali mtu yeyote akubadilishe. Namba 2 mpaka 4 zisomwe kama pongezi. Kuhusu namba 5, sasa ninaweza kufa, ila sina haraka.

Nguruwe wako yupo kwangu, nyuma ya jiko. Alikuja mwenyewe, namlisha magimbi, ananenepa. Barua hii nitampa Vakatomui akuletee Jumapili jioni, pamoja na nguruwe, kasisi akiwa ameshammwagia mtoto maji na kuandika jina. Kabla ya hapo nisamehe, siwezi. Nakujua, dada. Ungemwona nguruwe leo ninapoandika anaingia uani kwako, mjukuu wangu angeitwa Puakafoki, Nguruwe-amerudi.