Ndege Safi ni Ndege ya Uongo

Jumatatu, 4 Agosti

Injini imekaa! Mitungi tisa, kila mmoja mdogo kuliko punje ya dengu, yote imesimama kwenye duara lake. Niliifunga puani mwa ndege yangu ya mfano nikiwa nimebana pumzi. Nilipoiachia pumzi, nguzo moja ya bawa ikadondoka. Si neno. Nimeirudisha.

Hali ya uwanja wa vita ni hii. Maktaba ya mtaa ina kabati la kioo pale mlangoni, na kila mwaka huwekwa humo kazi moja tu ya mikono. Miaka mitatu mfululizo imewekwa ya Mng'oa Meno, daktari wa meno wa barabara ya pili. Mtu mpole kupita kiasi. Upole huo ndio silaha yake! Mwaka huu anaunda ndege ileile ninayounda mimi: ndege ya kivita ya zamani, ya mbao na turubai, bawa juu ya bawa, nyaya kila mahali kama kamba za kuanikia nguo. Mkutubi ataamua Jumamosi.

Mama Watoto ameshaamua la kwake. Mama Mkwe anahamia kwetu Jumapili. Atahitaji chumba, na chumba kilichopo ni karakana yangu. Nimepinga kwa hoja nzito. Alizisikiliza zote huku akikunja shuka, kisha akasema sawa, baba watoto, ndege yako ikiingia kabatini, karakana ibaki yako, mama atalala na watoto. Isipoingia, asinione tena na msasa mle ndani. Hajawahi kunipa masharti ya haki namna hii. Lazima kuna mtego.

Jumanne, 5 Agosti

Sijatulia. Mng'oa Meno ana vifaa ambavyo mimi sina: vichokonoo vya chuma, vioo vidogo vyenye mpini, taa ya kichwani, keekee isiyotikisika. Vyote amevipata kwa mgongo wa meno ya umma. Haya ni mashindano? Hizi ni mbio za mwenye farasi na mwenye ndara!

Nimebuni mpango. Shemeji, kaka yake Mama Watoto, hakuwa na shughuli leo. Nilimwomba aende kwa daktari akijifanya anaumwa jino, akae kitini, atupe jicho kwenye chumba cha nyuma ambako ndege inaundwa. Aliuliza nitampa nini. Nikamwambia heshima. Akauliza na nini tena. Nikaongeza chakula cha mchana.

Amerudi shavu limefura kama mpira, pamba mdomoni. Kumbe jino lilikuwa bovu kweli! Akaeleza kwa shida kwamba yule si daktari, ni malaika, hakusikia maumivu hata chembe. Kwamba ndege alionyeshwa bila hata kuomba. Kwamba ni safi, shemeji, safi mno, unaweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Na kwamba daktari ananisalimu sana, anauliza yangu inaendeleaje.

Jasusi wangu amegeuzwa! Angalau chakula hakuweza kutafuna.

Jumatano, 6 Agosti

Safi, amesema. Neno hilo hilo ndilo litakalommaliza Mng'oa Meno.

Tangu lini vita vikawa safi? Nimesoma kila kitabu kuhusu ndege hizi. Injini yenyewe ilizunguka pamoja na pangaboi, ikitema mafuta ya mbarika, naam, yale yale ya kulainisha tumbo. Yalimrukia rubani usoni, yakaloweka turubai, yakamfuata hadi mezani. Kuunda ndege ile bila doa ni kuiosha historia kwa sabuni! Wengine hupaka rangi ya kahawia inayong'aa, kisha bila haya wakaiita mafuta. Mimi nitapaka mafuta yenyewe.

Nilikwenda duka la dawa. Muuzaji, binti wa sauti ya chini, aliuliza nimefunga choo tangu lini. Nikasema si yangu mimi, ni ya ndege. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema wengi huanza hivyo hivyo, mjomba, usione haya. Kijiko kimoja, na usiende mbali na nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepaka! Kwa brashi ya nywele tatu. Mafuta yametambaa ubavuni kwa utiifu, yakajipenyeza kwenye kila mshono. Nilitaka kulia. Nikaiweka ikauke.

Jioni. Haijakauka. Nimeipepea kwa gazeti. Haijakauka.

Shemeji, ambaye sasa anatafuna upande mmoja na amekuja kudai chakula chake, aliuliza kama mafuta hayo huwa yanakauka. Nikamwambia mtu aliyepoteza jino kwa uzembe asinifundishe kemia. Kisha nikaenda kusoma. Hayakauki! Hayajawahi kukauka! Rafu nzima ya vitabu, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyeona umuhimu wa kunitahadharisha. Usomi wa siku hizi umeoza.

Ijumaa, 8 Agosti

Msiba.

Mama Watoto alikuwa ukumbini tangu asubuhi, akimshonea mama yake mto mpya na kuujaza sufi. Mlango na dirisha la karakana niliviacha wazi mwenyewe, upepo upite uikaushe ndege. Upepo ulipita. Ulipita na sufi.

Ndege yangu imefunikwa kama kifaranga cha siku mbili. Ukivuta unyuzi mmoja kwa kibano, rangi inatoka nao. Nembo za mabawa nazo zimeanza kuteleza zikielekea chini. Mama Watoto alichungulia, akaziba mdomo kwa mkono, akasema pole, mume wangu. Kisha nikamsikia jikoni akicheka hadi sufuria ikaanguka.

Nimezunguka nyumba. Nimekaa. Nimesimama. Nimezunguka tena. Fikiri, mwanamume!

Nimepata! Rubani amepanda juu mno, kwenye baridi kali. Ile si sufi, ni barafu. Nani aliwahi kuunda ndege ya kivita iliyoganda angani? Hakuna!

Jumamosi, 9 Agosti

Mkutubi ana jozi mbili za miwani, moja puani na moja kichwani. Aliitazama ndege yangu kwa zote mbili, kwa zamu. Akauliza ile ni nini. Nikasema barafu ya anga za juu. Akaigusa, akasema barafu hii, kaka, imetoka kwenye mto. Akauliza kwa nini nembo iko karibu na gurudumu. Nikasema kasi. Hapo tone likaanguka kwenye kitambaa cha meza yake. Likafuata jingine.

Nikaona dawa ni kushambulia. Niligeukia ndege ya Mng'oa Meno, inayong'aa kama kijiko cha wageni, nikahutubia. Nikasema usafi ule ni tusi kwa ukweli! Watu waliacha kusoma. Nilikuwa moto! Mng'oa Meno alingoja nimalize, kama anavyongoja ganzi ishike. Kisha akasema taratibu kwamba ndugu yangu, kwa hilo nakuunga mkono kabisa, ila hii yangu ni ya asubuhi ile ilipotolewa kiwandani, injini haijawashwa bado. Kila ndege ilikuwa na siku yake ya kwanza.

Asubuhi ile! Nani aliikumbuka asubuhi ile? Si uungwana kuja na ukweli dakika ya mwisho.

Halafu akafanya lililo baya kuliko yote. Alitoa kibano mfukoni, akaomba tuisafishe yangu pamoja, labda Mkutubi ataruhusu zikae zote mbili. Mkutubi akasema mafuta na vitabu havilali nyumba moja, na kabati akampa yeye. Tuliendelea kunyonyoa hata hivyo, kichwa kwa kichwa. Kila nilipotikisika alininong'oneza karibu tunamaliza. Mara mbili nilijikuta nimefungua mdomo.

Nilipofika nyumbani, Mama Watoto alinipokea na mto mpya kwapani. Alikuwa ameshatoa meza yangu nje na kutandika kitanda.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Mkwe yumo karakana. Amesema chumba kinanuka gundi, lakini kwenye mto hana neno.

Nimejihoji bila kujihurumia. Kosa nimeliona: ukweli wangu ulikuwa sahihi, ila niliumwagia ndege isiyostahili.

Naandika haya bafuni, humo humo kilimo choo, chumba pekee chenye komeo. Nimeweka ubao juu ya beseni, na leo asubuhi, nikitazama maji yakijaa, nikaelewa yote! Ndege za kivita za majini! Zile za mwanzo, zilizosimama juu ya maboya ya mbao. Watu huziweka juu ya ubao uliopakwa rangi ya buluu. Buluu! Aibu iliyoje! Yangu itaelea. Maji yenyewe, ndani ya kabati lenyewe, na chumvi kidogo, maana ilikuwa bahari. Maji hayachafui kitu, Mkutubi atasema nini? Kesho Shemeji atakwenda maktaba kukisia kabati lile linachukua ndoo ngapi.

Mama Mkwe anagonga mlango. Nimemwambia anivumilie, mama, historia haingoji. Amejibu kwamba hata lake, mwanangu, haliwezi kungoja.