Kucha Nne za Mkono wa Kulia

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Nimezipima kwa rula ya dukani. Milimita tatu kila moja! Gumba, shahada, kati na pete, mkono wa kulia. Wiki saba za kujinyima. Wapiga gitaa wa bendi hushika kidude cha plastiki, lakini kidude kimoja hupiga uzi mmoja. Vidole vinne vyenye kucha hupiga besi na wimbo kwa pamoja.

Jumamosi Bwana Mwaura, meneja wa hoteli ya ufukweni, atatusikiliza mimi na Katana wa Magarini. Mmoja wetu atapewa kupiga barazani kila Jumamosi wageni wakila. Naitaka baraza ile kuliko kitu chochote. Katana hana kucha. Hupiga kwa nyama tupu ya vidole. Maskini! Nimeanza kumhurumia.

Nimemwambia mwajiri wangu, Bharat, kwamba daktari amenikataza kushika misumari. Akauliza karani wa duka la vyuma atashika nini. Nikajibu kalamu.

Jumanne, 5 Agosti
Msiba. Mama Mbeyu, mwenye nyumba wangu, ndiye anayenipikia. Mchana niliomba kijiko cha kulia sima, nisiharibu kucha. Akaniuliza tangu lini sima yake imekuwa dawa ya kikohozi. Ili kumtuliza nikajitolea kukuna nazi. Nikakalia mbuzi, nikakuna kwa bidii, meno ya mbuzi yakaondoka na ukucha wa kidole cha kati. Wote! Tuliutafuta kwenye machicha, wapi. Mama Mbeyu akachuja tui mara mbili. Samaki wa kupaka alikuwa mtamu ajabu. Niliongeza sahani, kwa huzuni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimechonga ukucha wa bandia kutoka kwenye chanuo, nikaubandika kwa gundi ya dukani. Ulipiga nyuzi tatu, kisha ukarukia chai ya Bharat. Nikachonga mwingine wa kifuu cha nazi, nikaongeza gundi. Huo haukuruka. Kidole cha kati na cha pete viligandana, nikauza rangi ya mabati asubuhi nzima nikiwa na vidole vinne. Bharat alinitenganisha kwa mafuta ya taa.

Bharat alipokwenda benki, mama yake, Bi Prabhavati, alinihurumia. Akasema hina huzipa kucha nguvu. Nilikubali kabla hajamaliza. Akanipaka mkono wa kulia mwenyewe, kucha na vidole, na kile kibutu cha ukucha pia, akanifunga nailoni. Mungu ambariki!

Alhamisi, 7 Agosti
Hina imeiva, nyekundu kabisa. Kufikia saa nne watu watatu wamenipa pongezi. Hapa Malindi kijana mwenye hina mkononi ni bwana harusi, basi. Wa nne alikuwa Katana, aliyekuja kununua waya. Alinikumbatia! Akauliza ninafanya nini kazini wakati niko fungate, na bwana harusi hatoki nje siku saba.

Nilifungua mdomo kukanusha. Papo hapo nikaona makasha sita ya misumari yakiteremshwa mlangoni. Nikaufunga mdomo, nikatazama chini kwa haya. Bi Prabhavati akasema sasa ameelewa kwa nini niliikubali hina upesi vile. Bharat akalalamika kwamba ningemwarifu mapema, kisha akanipa likizo mpaka Jumatano. Sikusema uongo hata neno moja. Akili ninayo!

Ijumaa, 8 Agosti
Mazoezi tangu alfajiri. Wimbo unakwenda vizuri hata bila kidole cha kati. Mama Mbeyu amezisikia habari sokoni. Akataka kujua bibi harusi nimemficha wapi katika chumba chenye kitanda kimoja na kiti kimoja. Nikamwambia yuko kwao Ganze, amefuata vyombo. Akaleta pilau ya watu wawili. Nimeimaliza.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilifika hotelini saa kumi na mbili jioni, shati limepigwa pasi. Katana alikuwa tayari barazani, anapiga. Bwana Mwaura alinipokea kwa mikono miwili. Akasema Katana alimweleza jana, kwa nia njema kabisa, kwamba niko fungate. Yeye ni mtu wa bara lakini anaheshimu mila za pwani, hawezi kumtoa bwana harusi kwa mkewe. Ameshampa Katana nafasi.

Niliumia. Nasema kweli, niliumia sana. Halafu nikasikiliza. Vidole vya nyama tupu, sauti ndogo, na wageni wameweka uma chini ili wasikie. Haikosi ni bahati.

Bwana Mwaura akanipa kamba wakubwa wawili, zawadi yangu na bibi harusi. Nimewala wote ufukweni. Jioni nzuri sana.

Jumatano, 13 Agosti
Nimerudi kazini. Bi Prabhavati alikuwa na kifurushi cha kitambaa, akataka kumpelekea bibi harusi leo leo. Ikabidi nifikiri haraka. Nikasema amenikimbia. Bi Prabhavati akalia machozi ya kweli, Bharat akaniondoa kwenye misumari mpaka mwisho wa mwezi.

Katana akaingia, akasikia. Akanishika bega. Akasema Jumamosi twende hotelini pamoja, tupige wawili, Bwana Mwaura ameshakubali, na nisijali kucha, atanionyesha kupiga kwa nyama ya vidole.

Baraza ile! Lakini Bharat na mama yake walikuwa wamesimama pale pale wananitazama. Nikamjibu Katana kwamba mtu aliyekimbiwa na mke hawezi kupiga muziki kabla ya mwezi kwisha. Akaondoka ameinamisha kichwa. Nadhani aliniamini kabisa.

Jinsi nilivyowapata wote!