Kaburi la Mtarajiwa

Aliitwa Mtarajiwa kwa sababu tangu ujana alikuwa karibu kuwa mtu fulani. Aliposikia kwamba kampuni ya umeme wa jua inataka mashamba ya mahindi pembeni mwa mji, na kwamba wakulima wamekataa katakata, roho yake ilitulia. Watu wenye hasira hawaulizi risiti.

Shamba mojawapo lilikuwa lake, urithi wa baba, ingawa aliyelilima miaka yote ni shangazi yake. Akampigia simu afisa wa kampuni kwa sauti ya kitajiri, wakaelewana alikodishe kimyakimya. Simu hiyo aliipiga akiwa chooni kwa shangazi, choo cha mabati kisicho na paa.

Kisha akawaendea wakulima na sura ya msiba.

"Kampuni haijengi juu ya makaburi," aliwaambia. "Nami nitawachimbia ya kizamani, hata marehemu mwenyewe asishuku."

Wakamlipa kuku na magunia ya mahindi. Naye, tumpe haki yake, alijituma: alirundika udongo, akapanga mawe, akayapaka majivu yaonekane yamekula miaka. Shangazi, kinara wa upinzani, aliagiza kaburi kubwa kuliko yote katika shamba hilo la urithi, tena bichi, bila majivu. Alilipa bila kuvutana bei, na Mtarajiwa akachimba, akijua atamnong'oneza afisa kuwa hilo moja ni la uongo. Hapo ndipo Mtarajiwa alipopaswa kushtuka.

Siku ya afisa kuja kukagua, Mtarajiwa alitokea na suti, kalamu mfukoni. Akakuta wakulima wamelizunguka kaburi aliloagiza shangazi wakilia, na afisa amevua kofia.

"Ni mtoto wa kaka yangu," shangazi alikuwa akieleza, akijifuta macho makavu. "Ndiye mwenye shamba. Alikata simu yako tu, akaanguka."

"Lahaula. Alionekana mzima kabisa kwenye simu," afisa akasema.

Mtarajiwa akafungua mdomo. Lakini kusema yu hai ni kusema kaburi ni la uongo, na waliomlipa wote walisimama pale na majembe. Akaufunga.

"Na huyu mwenye suti?"

"Mchimba kaburi. Ana mkono mzuri, eti?"

Afisa alitazama makaburi yaliyojaa kila shamba, akakunja ramani yake, akaacha rambirambi na kuondoka. Kampuni ikahamia kwenye uwanda wa mawe, kusikoota hata magugu.

Gari lilipopotea, shangazi akamkabidhi jembe.

"Haya, marehemu. Mahindi yako yanasongwa na magugu."

Mtarajiwa akavua koti. Hatimaye alikuwa mtu fulani.