Aliyekata Gwasa Yangu Aezuliwe Paa

Kwa Mzee Tekle-Tsadik,
Mkuu wa Walinzi wa Nyasi,
Menz.

Mheshimiwa Mzee wetu,

Amani iwe nawe, na mvua ikunyeshee shambani tu, isikufuate kitandani kama inavyonifuata mimi.

Mimi ni Bogale, wa nyumba ile inayovuja chini ya kanisa la Mikaeli. Nakuandikia kwa heshima, na kwa hasira pia. Juzi nilipokwenda sokoni kuuza kondoo, mtu aliingia uani kwangu na mundu akakata gwasa yangu yote, nyasi niliyoipanda kwa ajili ya paa. Nilipowaendea walinzi wako walinicheka, na mmoja akasema, "Bwana Bogale, sisi kazi yetu mlima. Uani kwako ajiri jogoo." Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Chanzo cha yote ni wewe, Mzee. Mlima umeufunga mwaka wa nne sasa, eti gwasa haijafika urefu wa kuezekea. Mke wangu Zenebech alikwishaondoka kwenda kwa kaka zake, maana matone yalikuwa yakidondokea kikaango, na mkate wake wa injera ukitoka na mashimo yasiyo yake. Aliniambia mlangoni, "Nikirudi nikute paa. Nikikuta ndoo, nageuza hapohapo." Nilikuomba ufungue mlima kidogo, nyumba moja tu, nawe ukanijibu mbele ya watu waliotoka misa, "Nyasi haijui kama mke wa mtu amenuna." Watu walicheka mpaka shemasi.

2. Kwa hiyo ilinibidi nipande gwasa mwenyewe, jambo ambalo hapa Menz hakuna mwenye akili aliyewahi kulifanya, maana gwasa hupandwa na Mungu. Nilianza kwa mbegu, ndege wakashukuru. Kisha nikapasua vishina, kila kipande na mizizi yake, nikavifukia mvua kubwa zilipoanza, mkono mmoja baina ya kishina na kishina. (Vishina hivyo vilifukuliwa na fuko wa mlimani, mimi niliviokota tu. Usiniulize zaidi.) Mwaka wa kwanza niliitilia samadi ya kondoo, ikanona, ikalegea, ikalala chini kama mgeni wa harusi. Ndipo nikajua kuwa gwasa hupenda njaa, baridi na kuachwa peke yake. Nikaacha samadi, nikafunga kondoo mbali, nikang'oa magugu kwa vidole. Na ukiikata, sharti uache shina la shubiri moja ili ichipue tena. Mwizi huyu, nalisema kwa uchungu, ameacha shubiri moja kila mahali. Ni mwizi anayejua kazi.

3. Watu wamenitukana badala ya kunipa pole. Wanasema gwasa yangu ilikuwa tayari tangu mwaka jana. Ni kweli ilinifika kiunoni, lakini niliona itafika kifuani, na ilipofika kifuani nikaona haraka haina baraka. Jirani yangu Asnakech alinipigia kelele juu ya ua, "Wee Bogale! Unataka mke au unataka nyasi?" Mimi nilikuwa nachambua majani makavu. Mzee, sitakuficha, niliipenda. Kila asubuhi nilitoka na blanketi langu la sufu, nikaitazama inavyolala na kuinuka kwa upepo, na moyo ukatulia. Sasa naona visiki. Nimelia, na sioni haya kusema.

4. Kwa hayo yote, naomba ua wangu ufungwe kama ulivyoufunga mlima. Niletewe walinzi wawili, wenye fimbo na mbwa, na mtu asipite hapo bila ruhusa yangu, hata wa kunisalimu. Kisha kila paa la parokia likaguliwe. Kwa kuwa mlima umefungwa, paa lolote lenye gwasa mpya ni paa la mwizi, halihitaji shahidi. Nyumba hiyo iezuliwe mchana kweupe, kama walivyofanya babu zetu, mpaka zibaki fito. Asihurumiwe mwanamke, ndugu wala shemeji, maana sheria inayochagua sura si sheria. Na mwizi asiruhusiwe kujitetea kwa kusingizia mvua.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, padri, shemasi, na walinzi wako wote, isipokuwa yule wa jogoo.

Wako mtiifu, mwenye nyumba inayovuja,
Bogale Wolde-Mikael

N.B. Mzee, nilikuwa naikunja barua hii nikasikia vishindo juu ya kichwa changu. Nimetoka nje. Shemeji zangu wawili wako juu ya paa wanaezeka, na Zenebech yuko chini anawarushia matita ya gwasa ninayoifahamu jani kwa jani. Nilipofungua mdomo akaniambia, "Ningekungoja wewe ukate, ungekuja kuniezekea kaburi. Shika hiyo kamba!" Nimeshika kamba. Mvua imeanza, na ndani halidondoki hata tone. Kwa hiyo nakusihi, namba nne usiisome, na wakaguzi wakifika huku wape kazi nyingine. Mwizi mimi nimekwisha kumsamehe. Yeye bado anasema atanifikiria.